Doti pungufu na giza la mara ya pili

Juzi nilifungua sanduku la kanga nikitafuta doti ya kumpelekea shoga yangu aliyejifungua. Nikaivuta ile nyekundu niipendayo, jina lake "Wawili wakipendana adui hana nafasi". Kuikunjua, kipande kimoja! Mwenziwe hayupo.

Mzazi humpelekei kanga moja. Moja anajifunga, ya pili anajitanda au anambebea mtoto. Ukimpa nusu, bora ungekwenda mikono mitupu ukamfulia nepi.

Basi mwenzangu, unaponunua doti usione haya, ikunjue yote pale pale dukani kabla hujalipa. Tazama jina kwenye vipande vyote viwili kama limekaa sawa, halikupanda kwenye pindo. Mimi nilishauziwa doti ambayo kipande kimoja jina limekwenda upande, na nilipomrudia muuzaji akaniambia nijifunge hicho kwa ndani, nani atasoma. Ukifika nyumbani usikate mpaka siku utakayopinda. Na ukishapinda, tia uzi wa rangi moja kwenye ncha ya kila kipande, maana nyumba ya wanawake wanne kamba ya nguo ni moja. Mimi sikutia uzi, ndiyo haya.

Nikapekua mpaka chini, nikafika kwenye magazeti niliyotandika. Moja la Juni 2008, limegeuka rangi ya chai: umeme umerudi Unguja. Nikakaa kitako nikalisoma lote, kanga zimenizunguka.

Vijana hawakumbuki. Umeme wetu unatoka bara kwa waya uliopita chini ya bahari mpaka Fumba, hapa Unguja, na tarehe 21 Mei 2008 ulikatika kisiwa kizima. Ukarudi mwezi wa Juni. Wakati ule nilikuwa nauza malai, friza moja ndiyo ofisi yangu. Yote yaliyeyuka siku ya pili, watoto wa mtaa wakanywa bure. Maji ya mfereji nayo yakapotea kwa sababu pampu zinataka umeme, tukarudi visimani na ndoo. Umeme uliporudi nikashangilia, chemli niliyonunua nikampa jirani, nikajaza friza tena. Nikajua yamekwisha.

Tarehe 10 Desemba 2009 tukaingia gizani tena, na safari hii mpaka Machi 2010. Miezi mitatu! Nikaenda kwa jirani kuiomba ile chemli, akaniambia kioo kimepasuka.

Ndipo nilipoanza kukaanga kachori, jiko la mkaa na karai. Na hata leo friza linafanya kazi, kachori sikuziacha. Kama riziki yako inaning'inia kwenye waya mmoja, tafuta ya pili isiyotaka waya, na uitafute taa zikiwa zinawaka. Ukingoja giza utauziwa chemli kwa bei ya mwenye duka.

Bahari nayo ilitufundisha vivyo hivyo, kwa uchungu zaidi. Meli ya MV Spice Islander ilizama 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, na mwaka haukutimia, 18 Julai 2012, ikafuata MV Skagit karibu na kisiwa cha Chumbe, upepo wa kusi umeshika. Tangu hapo nikipanda boti, kabla sijatafuta kiti natafuta jaketi la kuokolea lilipo, na wanangu wananicheka. Wacheke.

Gazeti nimelirudisha chini ya sanduku.

Kile kipande cha pili nimekiona jana. Kiko kwa dada yangu, amembebea mjukuu, na mtoto kalala fofofo. Nikamuuliza amekichukua lini. Akasema, "Si ulinipa mwenyewe, wakati wa lile giza, nizibe dirisha mbu wasiingie?"

La kwanza au la pili, hakumbuki.