Giligilani kwenye chakula cha mbwa: kiasi, maandalizi na vya kuepuka

Mkuu wa Makambako, umeuliza kama giligilani iliyojaa bustanini inaweza kuchanganywa kwenye ugali wa mbwa ili mdomo usinuke. Inaweza. Ila ichukulie kama kiungo, siyo dawa.

Kiasi ni kijiko kimoja cha chai cha majani yaliyokatwakatwa kwa kila kilo 10 za uzito wa mbwa, kwa siku. Kwa mbwa wa kilo 20, vijiko viwili ndiyo mwisho. Kama hujui uzito wake, panda mizani umembeba, kisha panda peke yako, utoe. Siku tatu za kwanza mpe robo kijiko tu. Akiharisha au kutapika, acha.

Chuma majani laini, mashina tupa. Osha kwa maji matatu, maana kuku na mbwa wenyewe hupita kwenye tuta na mayai ya minyoo hukaa kwenye udongo. Halafu katakata hadi yawe kama tumbaku ya kusokota. Mbwa hatafuni, anameza, na jani zima litatoka kama lilivyoingia. Usilipike. Subiri dona iwe vuguvugu, koroga majani kwenye mchuzi wa dagaa, ndipo umwagie. Ukinyunyizia juu atalamba ugali wote na kukuachia kijani ukingoni mwa sufuria.

Kama jirani yako anapulizia nyanya au viazi mviringo dawa ya ukungu, na huku kwetu masika watu wanapulizia kweli kweli, upepo unaileta. Soma kwenye kopo siku za kusubiri kabla ya kuvuna, uzihesabu na kwa giligilani.

Kinachoumiza mbwa zaidi ni vinavyoandamana nayo. Wengi tunaotesha giligilani tuta moja na vitunguu, na mkono ukivuna haraka unabeba vyote. Kitunguu, jani au kichwa, kibichi au kilichopikwa, huvunja chembe nyekundu za damu. Dalili huchelewa siku kadhaa: ufizi unapauka, mkojo unakuwa wa kahawia, mbwa anahema bila kukimbia. Kwa hiyo mabaki ya kachumbari hapana, hata kama giligilani imo. Kitunguu saumu cha "kuua minyoo" nacho kiache, dawa ya minyoo ipo dukani. Walioko Rungwe wenye miti ya makadamia waokote zilizoanguka; mbwa akizila miguu ya nyuma inalegea.

Pasili (parsley) inafanana na giligilani lakini siyo ileile. Mbwa mwenye mawe ya kibofu au figo, au jike mwenye mimba, asipewe pasili.

Sasa harufu yenyewe. Inua mdomo wa juu pembeni, tazama jino kubwa la nyuma. Ukoga wa kahawia huanzia hapo, kwa sababu mate humwagikia hapo. Ukiuona, giligilani itaficha harufu kwa muda mfupi tu. Funga kitambaa laini kidoleni, chovya maji ya vuguvugu, sugua kila siku; dawa ya meno ya binadamu usitumie. Ukoga uliokwisha kuwa mgumu kama jiwe hautoki kwa kitambaa, huo ni wa daktari wa mifugo. Na harufu ikiwa kama ya mkojo, huku mbwa anakunywa maji kupita kawaida, mpeleke wiki hiihii apimwe figo.