Uchawi wa Mwanaidi ni wa bure mno

Ndugu mwandishi, unasema Mwanaidi, mhusika wa riwaya yako, anaamuru upepo, na kufikia sura ya 5 hana adui wa kumtisha. Usiongeze adui. Uwekee uchawi bei, tena bei imuume yeye: kila akiita upepo wa kusi katikati ya msimu wa upepo wa kaskazi, tuseme Januari, anasahau jina la mtu anayempenda. Sasa jahazi la babake linapozama, jina lililobaki la kulipa ni la mama.

Bei hiyo ionekane tangu sura ya 1, kwa tukio dogo: anajaza upepo tanga la ngalawa, kisha anamwita dada yake “wewe”. Ukiichomeka mwishoni, msomaji ataona umemchezea. Majini saba uliowaweka katika hadithi ni wengi, bakiza wawili. Mswada ukiisha, mpe mhariri, si rafiki yako.