Kutoa kalibu kwenye plastiki ya gari: kazi iko kwenye kipande mama

Wanaokuja gereji kuniuliza habari za kutengeneza plastiki za gari kwa faiba (nyuzi za kioo zinazoshikwa na resini) huanza na resini: inauzwa wapi, hadena (dawa ya kuigandisha) kiasi gani, inakauka baada ya muda gani. Hayo nitayafikia. Ila kupaka resini ni kazi ya asubuhi moja. Kinachokula muda ni kile kipande unachokitolea kalibu, na wengi hukiparamia.

Nazungumzia vipande vya nje vya urembo na kinga: ukingo unaozunguka juu ya tairi, kava ya chini ya mlango, pembe za bampa. Kwa gari za zamani zinazoshinda njia za vumbi za Chemba na Mpwapwa, hivyo ndivyo vinaanza kuondoka. Ukivitafuta kwenye spea za mtumba unaambiwa uchukue seti nzima, au kuna upande ule ambao wewe huutaki.

Kwanza jiulize utatoa vingapi. Kama gari ni moja, kipande ni kimoja na Ilala kipo, agiza kije na basi. Kalibu inalipa pale gari la aina hiyo linapokuja gereji mara kwa mara. Na kalibu ya kulia haitoi cha kushoto. Mteja atakwambia, "Fundi, si unageuza tu?" Haigeuki. Kingine cha kukataa katakata ni kava yenye ea-begi nyuma yake, iwe ya usukani au ya dashibodi. Ile imetengenezwa ipasuke kwenye mstari wake begi linapofumuka. Ya faiba italizuia begi au itarusha vipande usoni kwa mtu. Hata akiongeza hela, mwache aende.

Tuje kwenye umbo, maana hapa ndipo pagumu kuliko watu wanavyodhani. Plastiki ikiwa kwenye gari inashikwa na klipsi na skrubu. Ukiing'oa na kuilaza mezani inalegea: ncha zinafunguka, katikati panabonyea. Ukiitolea kalibu hivyo hivyo utapata nakala nzuri ya kipande kilicholegea, na haitakaa kwenye gari. Kwa hiyo kabla hujaing'oa, kata boksi gumu lifuate mzunguko wake, mwanzo, katikati na mwisho, uandike kila boksi limetoka wapi. Halafu uifunge kwenye ubao kwa matundu yake yenyewe, ukipima kwa yale maboksi mpaka umbo lirudi. Usiijaze povu la kutuna kwa nyuma ili ikazike, kwa sababu povu likituna linaisukuma tena.

Angalia mgongo wa kipande. Mara nyingi kuna herufi za aina ya plastiki: PP, PP+EPDM au ABS. PP haishiki rangi wala puti bila praima yake maalumu, lakini resini nayo haiishiki, kwa hiyo kuachana na kalibu si tabu. ABS ni kinyume chake. Harufu ile kali ya resini ni ya staireni, na staireni inailainisha ABS. Usipoikinga vizuri, kipande na kalibu vitakuwa kitu kimoja.

Ufa unganisha kwa nyuma, mbele jaza puti, piga msasa 240, kisha 400, 800, umalizie na 1200 kwa maji. Piga rangi ya kuchanganya na hadena yake, iache ikomae, ing'arishe. Pitisha kucha: kila unachokisikia hapo kitakuwa kwenye kalibu, na kila nakala itakayotoka utaipigia msasa upya. Matundu ya skrubu jaza udongo wa kuchezea watoto, ila acha kila tundu libonyee kidogo. Nakala itatoka na kichunusi pale pale, nawe utajua pa kutoboa. Mikunjo inayorudi ndani nayo jaza udongo, la sivyo utalazimika kutengeneza kalibu ya vipande viwili vya kufunga kwa bolti. Kuzunguka kipande chote weka mdomo wa ubao laini wa upana wa sentimita 5 hivi, ili kalibu ipate ukingo wa kushika.

Nta ya kuachanisha iwe ile ya kalibu. Nta ya kung'arishia gari nyingi zina silikoni, na gelikoti (resini nzito ya tabaka la kwanza) ikikutana nayo hujikusanya na kuacha vishimo. Paka mikono 4 mpaka 6, kila mmoja ukauke na ufutwe, na kati ya mkono na mkono subiri kama saa moja. Juu yake pitisha PVA ya maji (ya kuachanisha kalibu, si gundi ya mbao) kwa sponji au kwa kupulizia. Ikikauka inakuwa ngozi nyembamba.

Dodoma yetu ina mambo mawili: vumbi na jua. Upepo wa Juni mpaka Septemba utakumwagia mchanga kwenye gelikoti mbichi, kwa hiyo mwagia sakafu maji na ufunge upande wa upepo. Oktoba na Novemba anza saa moja asubuhi, maana mchana resini inakugandia kwenye kopo. Usitatue hilo kwa kupunguza hadena chini ya asilimia 1, kwani resini haitakomaa sawasawa. Kipimo ni gramu 10 hadi 20 kwa kilo ya resini. Kwa bomba la sindano, mililita 10 ni kama gramu 11.

Gelikoti paka mikono 2. Ikifika hali ya kunata bila kubaki kidoleni, laza mati ya faiba ya kwanza nyembamba, ya gramu 300 kwa mita ya mraba, ukitoa hewa kwa brashi mpaka nyuzi ziwe wazi. Iache ikauke kwanza. Ndipo uongeze za gramu 450, mbili mbili. Ukibandika zote kwa pamoja joto linapanda na kalibu inajipinda. Unene uwe angalau mara 2 ya nakala utakazotoa.

Hadena ikikuingia jicho, osha kwa maji yanayotiririka dakika 15 kisha nenda hospitali. Miwani ni lazima. Kama muuzaji amekupa kobalti (dawa ya kuharakisha resini kukomaa) peke yake, changanya na resini kwanza, kamwe usiikutanishe na hadena moja kwa moja: inaweza kulipuka. Na hadena usiifiche kwenye mzigo wa basi.

Iache kalibu walau siku nzima, bora mbili. Kata ndoo ya plastiki upate kabari, zisukume pembeni taratibu, mwagia maji kwenye upenyo. PVA inayeyuka, unasikia "tak", halafu nyingine. Bisibisi weka mbali.

Kama unataka nakala moja au mbili tu, kalibu ya jipsamu yenye katani ndani ni rahisi zaidi. Jipsamu yenyewe inachimbwa hapo Itigi. Ikaushe kivulini hadi iishe unyevu, maana unyevu unazuia resini kukomaa, paka vanishi, kisha nta kama kawaida.

Kalibu ya faiba ihifadhi ikiwa na nakala moja ndani yake isijipinde, nyuma uandike aina ya gari, mwaka, na kama ni kushoto au kulia.