Kabla Hujanunua Alteneta, Pima Ethi

Msomaji mmoja ameniandikia wiki hii. Taa zake za mbele zinachezacheza usiku, hasa akipita kwenye mashimo, na fundi amekwishamwambia alete alteneta, ile mashine inayozalisha umeme na kuchaji betri injini ikiwaka. Anauliza anunue mpya au ya mtumba. Ndugu yangu, usinunue yoyote kwanza. Jambo hili nina uchungu nalo tangu zamani, na ujumbe wako umenitonesha kidonda.

Mimi nami niliambiwa alteneta. Taa zangu zote mbili zilikuwa zinafifia na kurudi, zinafifia na kurudi, madereva wanaokuja mbele wananiwashia fulu wakidhani nawachokoza. Fundi hakugusa waya hata mmoja. Alifungua boneti, akasikiliza injini, akachomoa kichwa cha betri huku injini inanguruma, eti aone kama inachaji. Kisha akatoa hukumu. Nilipomuuliza mbona taa za dashibodi hazichezi, akanijibu mbele za watu kwamba mambo ya umeme niwaachie wenye kazi yao. Alteneta ikafungwa mpya. Baada ya hapo ikasemwa betri nayo imechoka, ikafungwa mpya. Taa zikaendelea kucheza vilevile.

Sasa niwaambie kwa nini swali langu lilistahili jibu. Alteneta ikiyumba, umeme wa gari zima unayumba: taa za dashibodi, taa ya ndani, hata feni ya hewa utaisikia ikibadilisha sauti. Zikiyumba taa za mbele peke yake, ugonjwa uko njiani, kati ya betri na balbu. Na ikicheza taa ya upande mmoja tu, alteneta isitajwe kabisa. Angalia balbu ya upande huo, soketi yake na ethi yake, yaani waya unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari.

Nikajinunulia multimita, kifaa cha kupimia umeme, ile ya kawaida kabisa, nikakaa nayo mwenyewe usiku. Kwanza nikapima kwenye betri, injini ikiwaka na taa zikiwaka. Magari mengi husoma kati ya volti 13.8 na 14.5 hapo. Langu lilisoma 14.1, na namba ikatulia hivyo hivyo wakati taa mbele yangu zinacheza. Hapo tu alteneta ilikwishaondolewa lawama, maana umeme unatoka salama na unaharibikia mbele ya safari.

Nikahamia kwenye soketi. Waya mweusi wa multimita kwenye hasi ya betri, mwekundu kwenye mguu wa ethi wa balbu, taa zikiwa zinawaka. Njia ya ethi ikiwa safi, namba inakaribia sifuri, isizidi 0.2 hivi. Mimi nilipata zaidi ya volti 1, na nilipoutikisa waya kwa vidole namba ikaruka juu na kushuka, taa nazo zikifuata. Nikaufuata waya ule mpaka ulipofungwa kwenye bodi, nyuma ya taa ya kushoto. Ethi za taa zote mbili zilikuwa zimekusanywa kwenye boliti moja, na ndiyo sababu zilicheza pamoja. Boliti ile ilikuwa imepakwa rangi ya gari, na chini ya kichwa cha waya kulikuwa na unga wa kijani. Nikatoa hasi ya betri, nikafungua kwa spana, nikapiga msasa mpaka bati na shaba vikang'aa, nikakaza, nikapaka grisi juu kuzuia maji. Taa zikatulia. Zimetulia mpaka leo. Najivunia usiku ule kuliko vyeti vyangu vyote.

Ndiyo maana nasema, sisi tunaotaka magari yetu yadumu tuache kuongozwa kwa kukisia. Fundi asiyepima asikuandikie orodha ya vifaa. Mwombe akuonyeshe namba; akikasirika, funga boneti uondoke. Na mtu yeyote asichomoe betri injini ikiwaka. Volti inaweza kuruka ghafla ikaunguza dayodi za alteneta au kompyuta ya gari, na hapo utakuwa umetengenezewa ugonjwa mpya. Pima kwanza. Nitalirudia hili mpaka nichoke.

Ethi ikiwa safi, pima vivyo hivyo upande wa chanya, kutoka chanya ya betri hadi mguu wa chanya wa balbu, kisha gusa rilei (swichi ya umeme inayopeleka moto kwenye taa), swichi na soketi uone ipi inachezesha taa. Soketi iliyobabuka au kuwa ya kahawia imeungua, ibadilishe. Chanzo kinaweza kuwa balbu zenye wati nyingi kuliko 60/55 (fulu na dimu) ambazo nyaya za H4, balbu moja yenye taa zote mbili, zilitengenezewa.

Hukuniambia kama umefunga balbu za LED. Kama umefunga, anza hapo. Magari mengine hupeleka umeme wa taa kwa kukatakata haraka sana. Haloji, balbu ya kawaida ya waya, haionyeshi kwa sababu waya wake hubaki na joto, lakini LED huzima na kuwaka papo hapo. Rudisha haloji zilizokuja na gari kwa usiku mmoja. Zikitulia, waya zako hazina kosa. Zikicheza, fanya vipimo hivyo na uniandikie namba mbili: ya kwenye betri na ya kwenye ethi, zote taa zikiwa zinawaka. Na alteneta mwambie fundi isubiri.