Swali la lugha: kifaa cha kugundua chembe au cha kupimia chembe?

Msomaji anaandika makala kuhusu Solar Orbiter, kile chombo cha Ulaya kilichorushwa tarehe 10 Februari 2020 kwenda kulichunguza Jua kwa karibu. Aliandika "kifaa cha kugundua chembe za Jua", mhariri akafuta akaweka "kifaa cha kupimia". Anauliza nani yuko sahihi.

Mi naenda na mhariri. Kugundua ni kujua kitu kilichokuwa hakijulikani, na hizi chembe zishajulikana kitambo, mwanafizikia Scott Forbush wa Marekani alishaandika habari zake 1946. Kifaa chenyewe kinahesabu na kupima basi. Chembe, iwe elektroni, protoni au ayoni (atomu iliyopoteza elektroni), ikipiga kipande chembamba cha silikoni inaacha nishati humo, hiyo nishati inatoa mpigo wa umeme, na mpigo ukiwa mkubwa ujue nishati iliyoachwa ni nyingi. Vipande vinapangwa kimoja nyuma ya kingine, kwa hiyo ukiangalia chembe imeacha kiasi gani kwenye cha kwanza na imefika mpaka cha ngapi, unajua kama ni protoni au heliamu. Solar Orbiter ina vihisi vinne vya kazi hii, na kimoja, kinachoitwa SIS, kinapima hadi muda: chembe ikipita kwenye utando mwembamba saa inaanza, ikifika mwisho saa inasimama, ukichanganya na nishati yake unapata uzito wa hiyo ayoni. Sasa hapo kugundua kuko wapi?

Na kwa nini kupimia, sio kupima? Hiyo -ia inaonyesha kitu ni cha kufanyia kazi: kisu cha kukatia nyama, jembe la kulimia. "Kifaa cha kupima" inaeleweka na watu kibao wanasema, siwakatazi, ila kwenye maandishi ningeweka kupimia. Kuna wanaopenda "kunasa", nalo ni neno zuri, shida zile zenye nishati kubwa sana zinapenya zinatokea upande wa pili, hazijanaswa hizo.

Halafu jambo ambalo msomaji hakuuliza lakini nimeliona kwenye sentensi zake: "chembe vyenye nishati". Hapana, ni chembe zenye nishati, chembe hii, chembe hizi. Hiyo ch- inadanganya watu, labda pia kwa sababu tuna chembe cha moyo, ila hicho ni kitu kingine kabisa, kipo kifuani na ngeli yake ni ki-vi.