Kwa nini habari za mafuriko huwatisha wasiohusika na kuwapita walio hatarini

Swali: Nasimamia chumba cha habari cha televisheni. Mafuriko yakitokea, watazamaji wengine wanataharuki bila sababu, na walioko bondeni hawahami. Je, tatizo ni matangazo yetu?

Jibu: Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Mtu hupima hatari kwa wepesi wa mifano kumjia akilini, jambo ambalo wanasaikolojia Tversky na Kahneman walilieleza mwaka 1973. Nyumba moja ikionyeshwa ikisombwa kila nusu saa, hukaa kichwani kama nyumba nyingi. Anayeishi mlimani huogopa. Wa bondeni asiyeuona mtaa wake kwenye skrini huhesabu kwamba balaa ni la wengine.

Anzeni na picha. Kila video iwe na mahali, tarehe na saa ya kurekodiwa, yameandikwa juu ya picha yenyewe. Mtangazaji kuyataja hakutoshi, maana wengi huwasha katikati ya taarifa. Video ya jana isitumike kujazia habari ya leo.

Kisha takwimu. "Nyumba 40 zimebomoka" haisemi kitu mpaka utaje ni kati ya ngapi, na mtaa gani. "Hatari imeongezeka maradufu" ni mbaya zaidi. Uingereza mwaka 1995 ilitangazwa kwamba aina fulani za vidonge vya uzazi wa mpango huongeza maradufu hatari ya damu kuganda. Kumbe ilitoka mwanamke 1 hadi 2 kati ya 7,000. Wengi waliacha vidonge, na mwaka uliofuata utoaji mimba ukaongezeka.

"Mafuriko ya miaka 100" nayo huwapumbaza watu wakadhani yakishapita wana karne ya kupumua. Maana yake ni uwezekano wa 1% kila mwaka. Kwa atakayeishi hapo miaka 30, ni takriban 26%. Tangazeni hiyo 26%.

Mnapokosea zaidi, naona, ni kutisha bila kuelekeza. Mtu aliyeogopa na hana la kufanya huishia kukataa kwamba hatari ipo. Ndani ya taarifa ileile semeni mitaa ipi ihame, kabla ya saa ngapi, kwa barabara ipi, na wapokelewe wapi.

Maji yakishuka, msiondoe kamera. Visima vilivyoingiliwa na maji ya vyoo hubaki na vimelea, na dalili za kipindupindu hujitokeza kati ya saa chache na siku 5 baada ya kuambukizwa. Mkinyamaza siku hizo, watazamaji wataelewa kwamba hatari imekwisha na watayanywa maji hayo bila kuyachemsha.