Maharage kwa kisado nusu cha mkaa: anza na kapu

Mkuu uliyeuliza upunguzeje mkaa wakati maharage peke yake yanamaliza kisado, usikimbilie kununua jiko jipya. Tengeneza kapu la kuivishia kwanza, yaani kapu lililojazwa vitambaa linalotunza joto la sufuria ili chakula kiendelee kuiva bila moto.

Maharage hayahitaji masaa matatu ya moto, yanahitaji masaa matatu ya joto. Sufuria ikishachemka, moto unaouongeza unafidia tu joto linalotoroka ubavuni na maji yanayopaa kama mvuke. Na mvuke ni mlafi: kugeuza lita 1 yote kuwa mvuke kunakula nishati mara saba hivi ya ile iliyoitoa ndooni ikaifikisha kwenye mchemko.

Tafuta tenga au kapu la ukili linaloizidi sufuria kwa sentimita 10 kila upande, na chini pia. Jaza vipande vya vitambaa vya fundi cherehani, nguo kuukuu au majani makavu ya mgomba, uache shimo la kuienea sufuria barabara, kisha tandika khanga kuukuu. Usishindilie, maana kinachozuia joto ni hewa iliyonaswa humo. Sponji la godoro linafaa sana, ila lisigusane na sufuria. Weka kitambaa kizito cha pamba katikati. Wengi huharibu juu: pembeni wamejaza vizuri, halafu wanafunika kwa taulo moja. Shona mto mnene, unaobana kote. Sufuria zetu zisizo na mikono hapo ndipo zinapopendeza.

Kwa nusu kilo ya maharage, loweka kwenye lita 2 za maji usiku kucha, asubuhi mwaga maji hayo. Weka mapya yayapite maharage kwa vidole viwili. Bandika, funika, na uanze kuhesabu dakika 20 pale yanapotokota kwelikweli. Hizo usizipunguze. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayoharibiwa na mchemko mkali wa dakika 10 au zaidi. Joto la chini haliiondoi, na mlaji atatapika. Mlioko Mbeya na Njombe, maji yenu yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo pigeni dakika 30.

Epua bila kufunua. Futa kitako vizuri, kwa sababu kaa moja lililoganda chini linatosha kuunguza kapu. Ingiza, funika, acha masaa matatu, na usichungulie. Kisha rudisha motoni dakika 10, ndipo uunge. Nyanya zisubiri hadi hapo. Uchachu wake hufanya maharage yagome kulainika.

Yakitoka magumu, angalia kama sufuria ilijaa angalau theluthi mbili (chakula kidogo hupoa upesi) na kama mfuniko haupwayi. Vyote viko sawa? Basi ni maharage yaliyokaa ghalani muda mrefu, na hayo kapu halina dawa yake. Magadi yatayalainisha, lakini yanaua vitamini B1.

Wali nao unakubali: vikombe 2 vya mchele kwa 3 vya maji, kwa kuwa hakuna kinachopaa. Chemsha dakika 5, kapuni dakika 40. Ugali na chapati sahau. Na chakula kisilale kapuni kutwa. Kikishuka chini ya nyuzi 60 bakteria wanaanza kuzaana. Masaa manne mwisho.

Sasa, kapu bila kuzima mkaa ni kazi bure. Ukiepua baada ya dakika 20 ukaacha jiko liwake mpaka majivu, hujaokoa kitu. Mkaa wa Dar unatoka misitu ya Pwani, Morogoro hadi Lindi, na kwa tanuri la udongo kilo 1 ya mkaa imekula kilo 6 hadi 10 za kuni. Chota makaa kwa koleo, tia kwenye debe lenye mfuniko wa bati unaobana. Yatazimika kwa kukosa hewa na kesho yanawaka tena. Usilimwagie jiko maji, udongo wake utapasuka. Debe likae nje mpaka lipoe kabisa, maana makaa yanayofifia yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu.

Kapu lenyewe anika juani baada ya kila matumizi, vitambaa vitolewe. Mvuke unaobaki humo unaleta ukungu, na harufu ya maharage inaita panya.